Mlango ulioandikwa kwa mchele



Ukurasa huu wa historia umezoea kuongelea mambo ya hapa karibu: barabara ya Bukavu kwenda Kavumu, mashamba ya kinkina, mipaka ya zamani ya Kabare. Safari hii tunavuka bahari. Sababu yake ni swali ambalo ndugu zetu waliorudi kutoka Kampala wanatuulizaga kila mara. Walipokuwa kule, siku za Diwali, waliona Wahindi wakichora chini, mbele ya milango ya nyumba na maduka, maua na nyota na mistari inayozungukana. Asubuhi watu wanachora, mchana wateja wanakanyaga, mangaribi hakuna kitu tena. Wengine kati yetu walisema ni dawa. Wengine walisema ni urembo tu. Tulifuatilia jambo hilo, na ndani yake tukakuta historia ya watu waliorudi kwao, sawa na sisi. Njo maana tunaiandika hapa.

Kwanza tutenganishe vitu. Ile ya Kampala, kwa sehemu kubwa, ni ya watu wa asili ya Gujarati, upande wa magharibi wa India. Wanaiita rangoli, na inatengenezwa kwa unga wa rangi. Dada yake mkubwa anakaa kusini, kwa Watamil, na anaitwa kolamu. Huyo hapendi rangi nyingi. Anapenda weupe, na weupe wake unatoka kwenye mchele.

Kila siku, mbele ya jua kutoka, mwanamke wa nyumba anafagia mbele ya mlango, anamwagia maji yaliyochanganywa na mavi ya ng'ombe, kiisha anainama na kuchora kwa unga mkavu. Unga anaushika katikati ya kidole gumba na kidole cha kwanza, anauachilia kidogo kidogo. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za udongo hatuhitaji kuelezwa kazi ya mavi ya ng'ombe: yanatuliza vumbi, yanashika udongo, na sakafu inakuwa nyeusi vizuri. Juu ya weusi ule, mstari mweupe unaonekana kutoka barabarani.

Hiyo ni ya kila siku. Lakini kwa arusi, kwa maombi makubwa na kwa sikukuu ya mavuno inayoitwa Pongal, katikati ya mwezi wa kwanza, kuna kolamu ya maji. Mchele mbichi unalowekwa, unasagwa juu ya jiwe pamoja na maji mpaka unakuwa uji mwepesi, laini, bila chenga. Mama anachovya kipande cha kitambaa cha pamba ndani ya uji ule, anakishika kwenye vidole, anakikamua polepole, na uji unashuka kupitia kidole cha pete kama vile wino unavyoshuka kwenye kalamu. Kazi hiyo haitaki mkono unaotetemeka, wala haitaki haraka. Mstari ukiwa bado na maji hauonekani vizuri. Mtu anaweza kufikiri hakuna kilichoandikwa. Ni unapokauka ndipo unatoka mweupe sana. Kandokando wanauzungushia udongo mwekundu. Ile ya unga mkavu inakwisha siku ileile kwa upepo na miguu ya watu, lakini ile ya uji inashika chini na inaweza kukaa siku kadhaa.

Michoro yenyewe ni ya namna nyingi, lakini moja ndiyo inashangaza zaidi. Mama anaanza kwa kupanga vitone: tano, saba, tano, tatu, kwa safu. Kisha anapitisha mstari unaozunguka kila kitone bila kukigusa, unapinda, unarudi, unajikata wenyewe, mpaka unafika pale ulipoanzia. Ukiwa umechorwa vizuri kabisa, ni mstari mmoja tu, hauna mwanzo wala mwisho. Katika miaka ya 1970, profesa Gift Siromoney na wenzake katika mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, walichukua michoro hii ya akina mama na kuifanyia hesabu za kompyuta. Wamama ambao wengine hawakuingia hata darasa la kwanza walikuwa wanashika kichwani kanuni ambazo maprofesa walihitaji miaka kuziandika.

Mtu asidhani kwamba ujuzi huo ni wa India peke yake. Hapa kwetu Kongo, upande wa kusini na magharibi, kuna Wachokwe, ambao wanakaa pia Angola na Zambia. Wazee wao wana michoro inayoitwa sona. Mmoja ni lusona. Mzee anasawazisha mchanga kwa kiganja, anabonyeza vitone kwa ncha za vidole ili vikae kwa umbali sawa, kiisha anapitisha kidole katikati yao akisimulia hadithi: ya mnyama, ya mfalme, ya mtu aliyekufa. Vijana walikuwa wanafundishwa sona kwenye mukanda, ile kambi ya tohara. Anayesitasita katikati ya mstari amejionyesha kwamba bado hajui. Mwanahesabu Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha kwa miaka mingi Maputo, aliweka sona na kolamu mezani pamoja na kuonyesha kwamba ni hesabu za ukoo mmoja. Hakusema kwamba mmoja alimwiga mwingine, na sisi hatusemi hivyo. Tofauti moja inaturuhusu kucheka kidogo: kule India ni wanawake wanaochora mbele ya mlango wakati wanaume bado wamelala, huku kwetu ni wanaume waliochora chini ya mti wakiwa wamekaa. Vita vya Angola, kutoka 1975 mpaka 2002, vilisukuma Wachokwe wengi kuvuka mipaka, na wazee wenye kujua sona wamebaki wachache. Mwaka 2023 UNESCO iliziandika sona za Angola kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono.

Sasa turudi kwa mchele, juu kuna jambo ambalo lilileta kelele kwetu. Tulipoeleza habari hii kwenye mkutano wa akina mama, mmoja alisimama na kusema wazi: "Muchele ya kula, banaimwanga chini? Bache balete hapa!" Watu walicheka, lakini swali lake ni la haki. Kwa jamaa inayohesabu vikombe vya mchele, na hapa Mudaka ziko nyingi, kumwaga chakula mlangoni ni kama tusi.

Watamil wenyewe wanalijua swali hilo. Jibu lao la zamani ni kwamba ule mchele haupotei. Sisimizi wanaula, ndege na kindi wanaula, na mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amewalisha viumbe wengi mbele ya yeye mwenyewe kunywa kitu. Mwandishi Vijaya Nagarajan, aliyechunguza kolamu kwa miaka mingi, aliita kitabu chake cha 2018 kwa maneno yenye maana ya kulisha nafsi elfu. Jibu la pili ni la soko: leo wengi wanatumia unga wa jiwe jeupe, ambao ni bei rahisi, na sisimizi hawapati kitu. Wengine wananunua kolamu ya plastiki, wanaibandika, imekwisha. Sisi tunaona kwamba mama yetu na wale wamama wa kule wangeelewana haraka kuliko watu wanavyofikiri. Mchele unawekwa mlangoni hasa kwa sababu ni wa thamani. Nani angejali kama ungekuwa ni vumbi tu?

Lakini kazi kubwa ya kolamu ni nyingine: inatoa habari. Mpita njia akiona kolamu mpya, anajua kwamba humo ndani watu wameamka, hakuna msiba. Nyumba ikifiwa, kolamu haichorwi. Basi jirani hahitaji kuuliza. Mlango usio na kitu umeshamwambia. Hapa kwetu tunaangalia moshi. Kamati yetu ya kutembelea wagonjwa inajua vizuri: jiko lisilotoa moshi siku mbili, tunaenda kupiga hodi. Kazi hiyo haionekani kwenye rapoti tunazowatumia ninyi wafadhili, juu rapoti inauliza mabati mangapi na mbuzi wangapi. Si lawama. Tunataka tu mjue iko.

Sasa tufike kwenye historia yenyewe. Katika miaka ya 1830 Waingereza walikuwa wanafungua mashamba makubwa ya kahawa kwenye milima ya kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Wafanyakazi waliwachukua kusini mwa India, kwa Watamil maskini, wengi wao wenye madeni na njaa. Mwaka 1869 ugonjwa wa majani ulianza kuua kahawa. Chai, ambayo Mskoti James Taylor alikuwa ameanza kuipanda mwaka 1867 kwenye shamba la Loolecondera, ikachukua nafasi. Chai inachumwa mwaka mzima, kwa hiyo wafanyakazi hawakurudi tena kwao baada ya msimu. Walikaa. Waliwekwa kwenye nyumba ndefu za mstari mmoja, chumba kimoja kwa kila jamaa, mlango kando ya mlango. Wazee wetu walioishi kwenye kambi za mashamba ya chai na kinkina hapa Kabare wanaona picha hiyo bila sisi kuwachorea.

Mchele wao ulitolewa na shamba na bei yake ikakatwa kwenye mshahara. Hata hivyo, sikukuu ya Pongal ilipofika, mbele ya milango ile kulikuwa na kolamu. Chumba hakikuwa chao, ardhi haikuwa yao, mti wa chai haukuwa wao. Nafasi ya hatua mbili mbele ya mlango, hiyo peke yake, mama aliiandika kwa mkono wake.

Ceylon ilipata uhuru tarehe 4 Februari 1948. Mwaka ule ule sheria mpya ya uraia ikawaacha nje Watamil wa mashamba, hata wale ambao wazazi wao walizaliwa kisiwani, kwa sababu walidaiwa karatasi ambazo mchuma chai hakuwa nazo. Mwaka uliofuata wakapoteza kura. India nayo haikuwatambua kama raia wake. Wakabaki katikati, watu wasio na nchi.

Tarehe 30 Oktoba 1964 waziri mkuu wa Ceylon, Sirimavo Bandaranaike, na waziri mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, walitia sahihi mapatano. Watu 975,000 waligawanywa. 525,000 warudi India, 300,000 wapewe uraia wa Ceylon, na 150,000 waliobaki waongelewe baadaye. Mwaka 1974 hao nao waligawanywa nusu kwa nusu, 75,000 huku na 75,000 kule. Ukisoma hesabu ile unafikiri ni magunia ya chai. Wenyewe hawakuitwa kwenye meza.

Safari ilikuwa ya treni kushuka kutoka milimani mpaka Talaimannar, kisha meli kuvuka mlango mwembamba wa bahari mpaka Rameswaram, kisha kambi ya Mandapam kungoja kupangiwa fasi ya kwenda. Neno lililoandikwa kwenye karatasi zao ni lile lile linaloandikwa kwenye za kwetu: waliorudishwa kwao. Lakini wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga India. Walikuwa wanarudi kwenye nchi ya babu.

Hapa ndipo tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Wale watu walikuwa wanasema Kitamil, walikuwa na miungu ile ile, na kila asubuhi wanawake wao walichora kolamu zile zile kama jirani zao wapya. Haikutosha. Wenyeji waliwaita "watu wa Ceylon", na kwenye milima ya Nilgiri jina hilo linawafuata mpaka leo, hata wajukuu waliozaliwa palepale. Mkono uliochora mlangoni ulikuwa umebeba desturi yote bila kuipoteza, na bado mtu anakuuliza: wewe ni wa wapi? Nani kati yetu hajaulizwa vile hapa Mudaka, tena kwa Mashi safi, na mtu aliyesoma naye shule ya msingi?

Serikali ya India ilifanya kitu. Ilitoa mikopo midogo ya biashara kwa wengi, na kwa wengi ile biashara ilikufa, kwani mtu aliyechuma chai maisha yake yote hawi muuza duka kwa sababu amepewa pesa. Iliyoshika vizuri zaidi ni mashamba ya chai ambayo serikali ya Tamil Nadu ilianza kufungua mwaka 1968 kwa ajili yao, kwenye Nilgiri na fasi zingine za milimani. Yakawa kampuni inayoitwa TANTEA. Kule angalau waliweza kufanya kazi wanayoijua. Kwa chama kama chetu, tunaona somo hilo lina uzito kuliko mkopo: uliza kwanza mtu anajua kufanya nini. Lakini walirudi tena kwenye nyumba za mstari, mlango kando ya mlango, na nyumba ilikuwa ya kampuni.

Kuanzia 1983, vita vilipolipuka Sri Lanka, wimbi lingine la Watamil lilivuka maji yale yale, safari hii kama wakimbizi. Wengi wao walipangwa kwenye kambi zilizotawanyika Tamil Nadu nzima, na kuna watoto waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi. Desemba 2019 bunge la India lilipitisha sheria ya kuwarahisishia uraia wakimbizi wa dini fulani kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan. Waislamu hawamo. Watamil wa Sri Lanka nao hawamo. Watu waliandamana nchi nzima. Katika mji wa Chennai, kwenye mtaa wa Besant Nagar, asubuhi ya tarehe 29 Desemba, kikundi kidogo, wengi wao wanawake, kilitoka na unga wake na kuchora kolamu barabarani, na katikati ya mistari wakaandika kwamba hawaitaki sheria ile. Polisi waliwakamata wachache, wakawaachilia siku ile ile. Kesho yake kolamu zenye maneno yale zilionekana kwenye milango ya watu wengi, hata ya wanasiasa wakubwa wa upinzani. Ni vigumu kumkamata mama kwa kuandika mbele ya mlango wake.

Tungeweza kuacha hapo, kwa furaha. Lakini habari ya wale wa TANTEA haijafika mwisho. Kampuni ilianza kupata hasara, na mwaka 2022 serikali ya Tamil Nadu iliamua kwamba zaidi ya hekta 2,000 za mashamba yale zirudishwe kwa idara ya misitu. Waliochuma chai pale kwa miaka arobaini au hamsini, na sasa wamezeeka, wakaingiwa na hofu ya kupoteza nyumba, kwa sababu nyumba inafuata kazi, na hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ile sakafu ni yao. Mwanamke ameandika mlango uleule tangu alipokuwa bibi arusi, kila asubuhi, kwa unga na kwa uji wa mchele, na bado mlango unaweza kutolewa mikononi mwake kwa barua moja.

Ndiyo sababu kamati iliomba habari hii iandikwe katika toleo hili na si lingine. Kwenye orodha yetu ya waliorudi kuna jamaa ambazo zimejenga, zimepanda migomba, zimezika wazee wao kwenye parsele zile, na hazina hata karatasi moja. Wengine wanatuambia: "Kila mutu anajua hii ni fasi ya baba yangu." Leo anajua. Shahidi wa aina hiyo anazeeka, anahama, au anauza kimya kimya. Ambaye hajaleta kopi ya karatasi yake ya parsele ailete kwa katibu kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Na ambaye hana kabisa, aje na majirani wawili wanaopakana naye, ili tuandike pamoja mipaka na majina, na kuanza njia ya kwenda kwa chifu wa grupema. Gharama za makaratasi kwa wajane na kwa wazee zitatoka kwenye sanduku la chama.